Je, Wajua? Madawati Hayafuti Deni

Foleni ya Kigongo ilikuwa soko

Kwa miaka mingi Kigongo, wilayani Misungwi, palikuwa mahali pa kusubiri. Magari yaliyotoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Bukoba yalijipanga kungoja kivuko cha Busisi, siku nyingine kwa muda wa hadi saa mbili, na katika kusubiri huko ikazaliwa biashara nzima: samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, karanga, vocha, maji baridi, wali wa mama lishe. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililojengwa na kampuni mbili za China, CCECC na China Railway 15th Bureau Group, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700 za serikali. Sasa kuvuka ni dakika chache. Hakuna anayekililia kivuko, hasa aliyewahi kukaa na mgonjwa ndani ya gari akiitazama Busisi kwa macho tu. Ila wateja wa mama lishe nao wanapita bila kusimama.

Hapa ndipo penye jambo la kujua. Sheria yetu ya fidia humwangalia mwenye mali isiyohamishika: kiwanja, nyumba, shamba, mazao. Kanuni za mwaka 2001 zinamwongezea posho ya usumbufu, ya usafiri, ya malazi, na hata faida aliyoipoteza. Muuza mayai mwenye beseni kichwani hana cha kupimwa na mthamini. Lakini Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ambalo ni mkono wa Benki ya Dunia kwa sekta binafsi, lina viwango vyake, na kile cha tano kinamtambua mtu anayepoteza riziki bila kupoteza nyumba, hata kama hana hati ya kipande chochote cha ardhi. Daraja lilijengwa kwa fedha za serikali, kwa hiyo viwango hivyo havikulihusu. Bomba la mafuta ghafi linalopita ng'ambo ya ziwa, kupitia Kagera na Geita, ndilo lililoahidi kuvifuata, nasi tutalifikia.

Mwezi mmoja kamili

Je, wajua kwamba hati inayotajwa kuliko zote duniani kuhusu kampuni na haki za binadamu iliridhiwa mwezi mmoja kamili baada ya watu kupigwa risasi na kufa Nyamongo? Tarehe 16 Mei 2011 mamia ya watu waliingia mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo, wilayani Tarime, kuokota mawe yenye dhahabu kwenye kifusi. Polisi waliokuwa wakilinda mgodi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua 5 wakafa. Tarehe 16 Juni 2011, huko Geneva, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likaridhia Kanuni Elekezi za Biashara na Haki za Binadamu.

Ni kalenda tu iliyogongana. Tukio moja halikuleta jingine. Lakini anayetaka kuzisoma kanuni hizo bila kusinzia azisome huku akiifikiria Nyamongo.

Ziko 31. Mwandishi wake, John Ruggie, alizaliwa Graz, Austria, akakulia Kanada, akawa profesa Harvard. Alipewa kazi hiyo mwaka 2005, baada ya jaribio la awali la Umoja wa Mataifa la kuzifunga kampuni kwa masharti makali kukwama, na alifariki Septemba 2021. Alizigawa hoja zake katika mafungu matatu: serikali ilinde watu, kampuni iheshimu haki zao, na aliyeumizwa apate pa kwenda na apate nafuu. Fungu la kati ndilo linalozungumza na wenye mitaji. Kampuni inatakiwa isidhuru, ichunguze mapema ni nani anaweza kuumizwa na shughuli zake, izuie, na ikishindwa kuzuia, irekebishe. Wajibu huo haupungui eti kwa sababu serikali ya mahali pale imelala.

Ndani ya ufafanuzi wa kanuni ya 11 mna maelezo mafupi ambayo ningependa yabandikwe kwenye kila ofisi ya mahusiano ya jamii kuanzia Kahama mpaka Tarime: mema mengine ambayo kampuni inayafanya hayafidii kushindwa kwake kuheshimu haki za watu.

Kofia ngumu na kamera

Kwetu ukitaja wajibu wa kampuni kwa jamii, picha inayokuja haraka ni ya meneja mwenye kofia ngumu akikabidhi madawati, mkuu wa wilaya kando yake, na wanafunzi waliopangwa juani tangu asubuhi. Picha hiyo ina sheria nyuma yake. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kilichoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana na halmashauri. Kuna ubunifu wa hiari pia: tangu mwaka 2002 mgodi wa Geita, GGM, umekuwa ukiwapandisha watu Mlima Kilimanjaro kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Ni mchango wa kweli, na wako watu waliofaidika nao.

Shida huanza pale zahanati inapohesabiwa kuwa jibu la swali ambalo haikuulizwa. Mama aliyevunjwa mkono na mlinzi akiambiwa kwamba kampuni imejenga madarasa mawili, hajajibiwa. Nami huwa nashangaa kwa nini kikao kinachojadili idadi ya madawati hakiulizi, kwa kuwa wakubwa wa mgodi wako hapohapo mezani, walinzi wamefundishwa nini na maji ya visima vya jirani yalipimwa lini. Kifungu cha 105 hakiwakatazi madiwani kuuliza.

Bunduki ya serikali, posho ya kampuni

Je, wajua kwamba polisi wanaweza kulinda mgodi binafsi kwa makubaliano ya maandishi, huku kampuni ikigharimia posho, chakula na mafuta ya magari yao? Ndivyo ilivyokuwa North Mara, na ndicho kitendawili kilichozunguka mahakama za mabara mawili. Askari ni wa dola. Amri ni za dola. Aliyemwita na kumlisha ni kampuni. Risasi ikimpata kijana wa Kikurya aliyeingia kuokota mawe, anayeulizwa ni nani?

Kanuni za Ruggie zinajibu kwa kutofautisha hali tatu. Kampuni inaweza kusababisha madhara yenyewe. Inaweza kuyachangia pamoja na mwingine. Au inaweza kuhusishwa nayo kupitia mshirika wake wa kazi, bila kuyasababisha wala kuyachangia. Kila hali ina uzito wake, lakini hakuna hata moja inayoiruhusu kampuni kusema haijui. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2000 kuna Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu, zilizotungwa kwa ajili ya migodi na visima vya mafuta vinavyolindwa kwa silaha. Barrick ya Kanada, iliyokuwa mwenye hisa nyingi wa North Mara, ilijiunga nazo mwaka 2010. Mwaka uliofuata ndio ule wa Mei 16.

Kesi ya kwanza ilifunguliwa London mwaka 2013 dhidi ya African Barrick Gold, kampuni tanzu ya Barrick iliyosajiliwa Uingereza, ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Novemba 2022 Watanzania 21 wakabisha hodi Ontario, nyumbani kwa kampuni mama. Barrick ikajibu kwamba polisi ni chombo cha dola na haina mamlaka juu yao. Novemba 2024 jaji wa Ontario akasema shauri hilo si la mahakama yake. Kabla ya uamuzi huo, Desemba 2022, kulikuwa na jaribio lisilo la kawaida zaidi: ndugu za watu wawili waliouawa waliishtaki LBMA, jumuiya ya soko la dhahabu la London, ambayo haichimbi hata gramu moja. Hoja yao ilikuwa kwamba jumuiya hiyo iliipa dhahabu ya North Mara heshima ya kuitwa dhahabu safi ilhali damu ilikuwa imemwagika ilikochimbwa.

Tukiwa bado Tarime: mwaka 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja hadi mto Tigithe, na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka bwawa la mabaki. Faini huingia serikalini. Anayechota maji mtoni anabaki na ndoo yake.

Waridi la malkia na wabeshi wa Mwadui

Mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Thorburn Williamson, aligundua almasi Mwadui, mkoani Shinyanga, mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, akalitoa zawadi ya harusi kwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilipochongwa likabaki na karati 23.6, na Cartier wakaliweka katikati ya ua la vito alilolivaa malkia kifuani kwa miaka mingi. Hadithi hiyo inajulikana. Inayofuata haijulikani sana, ingawa ina mafunzo mengi zaidi kwa mtu wa kanda ya ziwa.

Karibu na mgodi huo wanaishi wachimbaji wanaojipenyeza usiku kutafuta almasi kwenye mchanga uliokwisha kuchekechwa. Wenyeji huwaita wabeshi. Novemba 2020 shirika la Uingereza liitwalo RAID lilitoa ripoti kwamba walinzi wa kampuni iliyokodiwa na mgodi waliwapiga watu risasi, waliwachapa, na waliwafungia. Mgodi ulikuwa chini ya Petra Diamonds, iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la London. Mei 2021 Petra ikakubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71. Haikukiri kisheria kuwa na hatia, lakini ilikiri hadharani kwamba watu walikufa, walijeruhiwa na walitendewa vibaya ndani ya eneo la leseni ya mgodi. Mkandarasi wa ulinzi akabadilishwa.

Kisha ikafuata sehemu ninayoiona ya maana kuliko pauni zenyewe. Iliundwa njia huru ya kusikiliza malalamiko, yenye jopo la wanasheria wa Kitanzania, na mlalamikaji akapewa ushauri wa kisheria bila kulipa. Kabla njia hiyo haijaanza kutoa uamuzi, zaidi ya malalamiko 5,000 yalikuwa yamekwisha kuandikishwa. Fikiria: kesi ya London ilikuwa na majina 71. Mlango ulipofunguliwa Shinyanga, kwa Kiswahili na Kisukuma, mahali mtu anapofika kwa baiskeli, wakajitokeza maelfu. Si lazima kila dai liwe la kweli, na kazi ya jopo ni kupembua. Lakini idadi hiyo inatosha kukuonyesha ni watu wangapi hawafiki kabisa kwenye takwimu wakati mlango pekee uko Ulaya.

Kanuni ya 31, ya mwisho kabisa katika hati ya Ruggie, imetaja vigezo 8 vya njia nzuri ya malalamiko. Miongoni mwake: watu waiamini, waifikie bila vikwazo, wajue hatua zake na muda wake, wasizidiwe na kampuni kwa taarifa na utaalamu, na kampuni ijifunze kutokana na inachokisikia.

Kabla ya kusaini, soma nyuma ya karatasi

Tofautisha na ilivyokuwa North Mara miaka michache kabla. Mgodi ulikuwa na utaratibu wake wa kulipa waliojeruhiwa na wanawake waliosema walibakwa na walinzi. RAID na shirika la MiningWatch Canada wakapiga kelele: anayelipwa alikuwa akisainishwa karatasi ya kuahidi kwamba hataishtaki kampuni. Mtu asiye na wakili, mwenye shida na mwenye aibu ya kusimulia yaliyompata, anapewa kalamu. Utaratibu huo ulifanyiwa marekebisho baadaye. Binafsi siamini kwamba kulipa haraka ni kubaya. Mjane hasubiri hukumu ya miaka kumi. Kibaya ni kumnunulia ukimya kwa bei ambayo hakuna aliyemsaidia kuipima.

Parachichi zilizosimama bandarini

Ukitaka kuona mnunuzi wa mbali anavyoweza kuharakisha mambo, nenda Murang'a, Kenya. Oktoba 2020, madai ya ukatili wa walinzi wa shamba la Kakuzi yalipochapishwa Uingereza, maduka ya Tesco yaliacha kununua parachichi zake. Hakukuwa na hukumu bado. Februari 2021 kampuni mama, Camellia, ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza madai ya Kakuzi. Kakuzi nayo ikaanzisha njia yake ya malalamiko, ikaipa jina la Kiswahili: Sikika.

Mombasa hakukuwa na duka la Ulaya la kutishia kususa. Wakazi wa Owino Uhuru, wakiongozwa na Phyllis Omido, aliyepewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, walipambana na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na serikali pamoja na kampuni mbili zikabebeshwa mzigo. Rufaa ikaupindua ushindi huo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Watoto waliokuwa wadogo kesi ilipoanza walikuwa wamekuwa vijana.

Bomba linalopita Kagera lakini kesi iko Paris

Je, wajua kwamba sheria ya kwanza duniani kuilazimisha kampuni kubwa kuandika na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara kwa watu hata nje ya nchi yake ilitungwa Ufaransa mwaka 2017, na kwamba kampuni ya kwanza kushtakiwa kwayo ilishtakiwa kwa ajili ya Uganda na Tanzania? Chanzo cha sheria hiyo kilikuwa Bangladesh: Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za kuuzwa Ulaya. Sheria inahusu kampuni zenye wafanyakazi 5,000 nchini Ufaransa au 10,000 duniani.

TotalEnergies, yenye asilimia 62 ya hisa za bomba la EACOP la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ilishtakiwa mwaka 2019 na mashirika ya Ufaransa na Uganda. Februari 28, 2023 mahakama ya Paris iliikataa kesi kwa sababu za kiutaratibu, bila kuamua kama kuna mtu aliyedhulumiwa fidia. Juni mwaka huohuo Waganda 26 na mashirika kadhaa wakafungua nyingine, safari hii wakidai walipwe. Umoja wa Ulaya ulitunga agizo lake la aina hiyo mwaka 2024, na mwaka uliofuata ukasogeza mbele tarehe za kuanza. Wafanyabiashara wa Brussels nao wanajua kuomba muda.

Mapanki kwenye filamu

Turudi ziwani. Mwaka 2004 mwongozaji Hubert Sauper alitoa filamu kuhusu sangara wa Mwanza, Darwin's Nightmare, iliyofika hadi kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Minofu inapaa kwa ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mabaki ya samaki aliyeondolewa minofu, yanabaki. Serikali ilikasirika, Rais Kikwete aliikosoa hadharani akiwa Mwanza mwaka huo wa 2006. Mabishano yakawa kuhusu sura ya nchi, na kama ndege zilikuja na silaha. Mkata minofu aliyesimama kwenye barafu zamu nzima, mkataba wake na mgongo wake, hakupewa nafasi kubwa na upande wowote. Miaka michache baadaye, mwaka 2009, sangara wa Bukoba walipata cheti cha Naturland ya Ujerumani, ambacho pamoja na mazingira hukagua hali za wavuvi na wafanyakazi wa kiwandani. Hakikuitikisa dunia kama filamu.

Tarehe za kuandika kwenye daftari

Aliyeachishwa kazi isivyo haki, awe wa mgodini, kiwandani au hotelini, ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Wengi hufika wakiwa wamechelewa kwa sababu waliambiwa na bosi wasubiri kikao.

Aliyeumia kazini anahudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango wa mfuko huo hutolewa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa kwenye mshahara kwa jina la WCF, una swali la kumuuliza mhasibu.

Na aliyethaminiwa ardhi yake ili ipishe mradi: kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, fidia hutakiwa kulipwa ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, ikichelewa huongezwa riba, na miaka 2 ikipita bila malipo uthamini huo hufa, kazi inaanza upya kwa bei za siku hiyo. Mthamini akija kijijini, omba nakala ya fomu yako na uangalie tarehe kabla hujaangalia tarakimu.